Sufuria ya Sombe kwenye Meza ya Ba Kunda

Mshereheshaji alinipa dakika tatu. Ni kijana aliyeletwa kutoka Mansa, hakunijua, na watu waliokaa nyuma ya hema walianza kucheka kabla sijashika kipaza sauti, kwa sababu Kashikishi nzima inajua kwamba dakika tatu kwangu ni za salamu tu. Ilikuwa sherehe ya kumuaga Ba Kunda anapostaafu; Ba kwetu ni neno la heshima, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Amekuwa klinikali ofisa wetu, tabibu wa kliniki, hapa Nchelenge upande wa Zambia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na familia yake iliniomba mimi, Chalwe muuza samaki, niseme kwa niaba ya wagonjwa aliowatibu. Yeye alikaa mbele kwenye kiti kilichofungwa utepe, mikono juu ya magoti, akiona haya kama bwana harusi. Nikamwangalia, nikasahau yote niliyoyapanga. Kuna mwaka mmoja katika maisha yangu ambao maneno yalitoweka mdomoni mwangu, na mtu huyu ndiye aliyeketi nami chumbani akatafuta yalikokwenda. Sasa nina wajukuu wanaoniambia bibi nyamaza tusikie redio, nami sinyamazi. Nina sababu.

Habari za wazazi wangu na za watoto nitaziacha. Hapa nasimulia ulimi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na ziwa lilikuwa limefunguliwa wiki ileile. Kwetu kila mwaka serikali hufunga uvuvi kwa miezi mitatu ya mvua ili samaki wazae, na likifunguliwa, ufuko wote wa Ziwa Mweru hugeuka sikukuu. Mimi nilinunua samaki pale ufukoni na kuwauzia Wakongo waliovuka kutoka Kilwa, ile ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na watu walisema mdomo wangu ndio mtaji wangu, na hawakukosea. Asubuhi ile nilikuwa nabishana na mvuvi mmoja wa Puta juu ya beseni la samaki tunaowaita pale, wale wapana wenye nyama tamu. Alitaja bei, nikacheka. Nikafungua mdomo nimjibu, na jibu halikuja. Nililiona jibu, nilijua lilivyo, lakini mdomo ulibaki wazi na hakuna kilichotoka. Mvuvi akadhani ni ujanja mpya, akapunguza bei. Nikaendelea kumtazama. Akapunguza tena, kwa hasira. Ndipo beseni likaponyoka mkono wangu wa kulia na samaki wakatapakaa mchangani, na mimi nikaenda chini pamoja nao. Ilikuwa bei nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa, na sikuweza kusema ndiyo.

Chumba nilicholazwa kilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja cha kupanga nilichoishi na Tantine Ngoie, mdogo wa mama yangu, mwanamke mnene mwenye imani kubwa na uvumilivu mdogo. Kulikuwa na kitanda, jiko la mkaa, magunia mawili ya chisense, wale dagaa wadogo waliokaushwa, na dirisha linalotazama uchochoro. Nililala pale siku mbili, mkono na mguu wa kulia vizito, mdomo umekwenda upande, na nikajifunza jambo ambalo sijalisahau: watu huamini kwamba asiyesema hasikii. Walisimama juu ya kitanda changu wakinijadili kama mtumbwi uliopasuka. Mama mmoja wa soko alisema nimefungwa ulimi na mwenzangu mwenye wivu, akamtaja na jina. Mwingine alisema ni presha, maana kila mtu aliyepinda mdomo katika mji huu huambiwa ni presha. Tantine aliyasikiliza yote, akapika bukari, ugali wetu, na samaki, akanilisha kwa kijiko huku akiniombea, na nusu ya chakula ikimwagika kifuani. Alikwisha kuamua kunivusha hadi Kilwa kwa watu wa maombi. Mtumbwi alikwisha kuuagiza. Kilichotuzuia ni upepo tu. Ziwa lilichafuka asubuhi ya siku ya tatu, na badala ya kukaa bure akakubali wanibebe hadi kliniki.

Kliniki ilikuwa na mashine moja ya kupima presha, ya kujaza upepo yenyewe. Muuguzi alinifunga mkononi, ikasoma namba moja. Akapima tena, ikasoma namba nyingine kabisa. Mara ya tatu ikakataa, ikaandika kwamba imeshindwa. Akaipiga kofi. Akaenda kuazima ya chumba cha pili, nayo ikafanya vilevile, na watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kulalamikia vifaa vibovu. Hapo ndipo Ba Kunda alipoingia. Alikuwa mzaliwa wa Mununga, mtu wa maneno machache, wa aina ambayo zamani ilinikera sana sokoni. Aliivua mashine mkononi mwangu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanishika kifundo cha mkono na kutazama saa yake. Akahesabu dakika nzima. Akahesabu tena. Ninyi mliokulia kwetu mnajua wanawake wawili wanavyotwanga muhogo katika kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule unashuka, na mtu akipita njiani huisikia ile ngoma bila kuwaona. Baadaye Ba Kunda aliniambia kwamba chini ya vidole vyake aliwasikia wanawake wawili waliogombana, kila mmoja anatwanga apendavyo. Mashine zilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa moyo wangu.

Alinilaza kwa ubavu wa kushoto akasikiliza kifua kwa muda mrefu hadi Tantine akaanza kuguna. Kisha akamgeukia na kumuuliza kwa Kiswahili chake cha kuokota sokoni kama utotoni magoti yangu yaliwahi kuvimba.

“Ilikuwa inavimba,” Tantine alisema. “Goti moja, kiisha ile ingine. Na homa. Tulikuwa tunasema mutoto anakomaa.”

“Na kupanda kilima na beseni, anapumua mubaya?”

“Anapumua kama muzee. Nilimuambia apunguze kula.”

Ba Kunda akachukua karatasi akachora moyo wenye vyumba na milango. Alieleza polepole kwamba ugonjwa wa koo wa utotoni, usipotibiwa, huweza kugeuka ukauma magoti, na baadaye ukauma mlango mmoja wa moyo hadi ukawa mwembamba. Damu inasongamana nyuma ya mlango, moyo unapoteza mpigo, damu inasimama, na damu ikisimama inaganda. Kidonge kimoja cha damu kilikuwa kimechomoka kikapanda na mkondo hadi kichwani, kikaziba mshipa unaolisha mahali pa maneno. Tantine alitazama ule mchoro kwa makini, kisha akauliza swali ambalo kwetu ndilo swali la kweli.

“Ni sawa, ba dokta. Kadonge ka damu. Sasa, nani alikatuma?”

“Moyo yake mwenyewe, mama. Hakuna mutu.”

Nililala pale nikilia, na Tantine akadhani nalia kwa uchungu. Nililia kwa sababu kwa siku mbili nilikuwa nimemlaani moyoni yule mwenzangu wa soko aliyetajwa jina, na sasa nilijua hana hatia. Na nililia kwa furaha vilevile, nakiri. Kitu chenye chanzo huweza kutafutiwa njia.

Njia yenyewe haikuwa fupi. Ba Kunda alisema dawa ninayohitaji ni ya kulainisha damu isigande, lakini ikiwa mshipa umepasuka badala ya kuziba, dawa hiyohiyo itaniua, na kwa kutazama mdomo uliopinda hakuna anayejua hili kwa hakika. Lazima kichwa kipigwe picha. Basi tukaenda Ndola, mimi, Tantine na gunia la chisense la kuwapa watu watakaotulaza, na nikaingizwa katika mashine yenye tundu kubwa, chumba cha baridi kuliko jokofu la samaki. Jibu likaja: mshipa umeziba, haukupasuka. Walinitibu kwanza kwa aspirini, wakasubiri siku kadhaa ili sehemu iliyoumia isije ikavuja damu, kisha wakanianzishia vidonge vya warfarini na sindano ya kila mwezi ya kulinda moyo. Daktari wa kule alieleza kwamba wapo wagonjwa wanaotosheka na aspirini, wale ambao ugonjwa wao unatoka kwenye mishipa yenyewe, lakini kwa mtu mwenye mlango mbovu wa moyo kama wangu aspirini ni ugo wa matete mbele ya kiboko. Ila warfarini ni dawa ya wivu. Ikipungua, damu inaganda. Ikizidi, unatokwa damu hadi ufe. Lazima damu ipimwe inavyochelewa kuganda, na namba yake ikae baina ya mbili na tatu. Akatupatia na karatasi ya vyakula vya kuepuka, vile vinavyoivunja nguvu dawa hiyo. Tuliporudi Nchelenge Ba Kunda aliisoma kwa sauti: spinachi, brokoli na vingine vya namna hiyo. Tantine akainua mkono wake wa kulia akaapa kwamba wala spinachi wala brokoli havijawahi kukanyaga nyumbani mwetu. Sote tukaridhika, na karatasi ikabandikwa ukutani.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na naikumbuka kwa harufu ya samaki wabichi. Damu yangu ilisafiri hadi Mansa na basi la asubuhi, ndani ya kachupa kadogo mfukoni mwa dereva. Mara ya kwanza dereva, kwa wema wake, aliizika katika barafu ya samaki isioze, na maabara ikaitupa kwa kuwa baridi iliiharibu. Baada ya hapo Ba Kunda alimfundisha, na dereva akawa mtu wa kujivuna kituoni kwamba yeye hubeba damu ya watu. Namba ilirudi kwa simu, na ilikaa mahali pake, mbili na kitu, mbili na kitu. Kila siku Ba Kunda akitoka kazini alipita kwetu, akamwaga chisense juu ya ungo, akanitaka nichague wakubwa na wadogo kwa mkono wa kulia peke yake. Nilimchukia kwa hilo. Vidole vikaanza kutii. Maneno yakarudi moja moja, tena si yale niliyoyaita. Lilikuja “hapana” kwanza, na Tantine alisema hakushangaa. Zikaja namba, maana nilikuwa nimezihesabu maisha yangu yote. Likaja “ziwa”. Likaja “maji”. Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa na maneno ya kujaza kiganja kimoja, na niliyahesabu asubuhi kabla ya kufungua macho kuona kama yote yamelala nyumbani.

Kisha ziwa likafungwa. Mitumbwi ikapandishwa mchangani, soko likanyamaza, na mvua ikanyesha kila alasiri. Namba yangu ikaanza kushuka. Ba Kunda akaongeza kidonge nusu, ikashuka bado. Akaongeza tena, ikashuka. Asubuhi moja nilitaka kumwomba Tantine maji na neno halikuwepo. Lilitoweka kwa muda wa kuchemsha chai, kisha likarudi, lakini muda ule nilikaa ukingoni mwa kitanda nimejikumbatia, kwa sababu nilijua kinachobisha hodi. Ba Kunda alipoambiwa alikunja uso. Wiki hiyohiyo alikuja daktari wa kutembelea, kijana aliyesoma mbali, na wakakaa chumba cha ndani kunijadili. Ukuta ulikuwa wa mbao. Mimi nilikuwa kwenye benchi upande wa pili, na kama nilivyosema, asiyesema hudhaniwa hasikii. Daktari alisema jambo liko wazi: huyu mama hamezi dawa. Anazitupa au anazigawa. Dawa hii si ya mtu asiyefuata masharti, ni hatari. Afadhali tumwachishe, apewe aspirini peke yake. Nilisubiri Ba Kunda akatae. Akasema tu kwamba atafikiri hadi kesho.

Sijawahi kukasirika hivyo, kabla wala baada. Nilikuwa nimemeza kila kidonge. Nilikuwa nimemeza hata siku nilizotapika, nikarudia. Na nilikuwa na maneno manane, hakuna hata moja linaloweza kusema mnanionea. Nilirudi chumbani, nikaketi karibu na jiko. Tantine alikuwa anapika na kulalamika na jirani dirishani, kama wanawake wote wa ufuko walivyolalamika mwezi ule.

“Tangu bamefunga ziwa, ni sombe asubuhi, sombe magaribi,” alisema. “Tutaanza kulia kama mbuzi.”

Sombe ni majani ya muhogo. Wazambia huyaita katapa. Nilitazama sufuria. Ilikuwa imejaa hadi ukingoni, majani yaliyotwangwa, kijani kizito. Nikakumbuka karatasi ya ukutani, sehemu ile ya mwisho aliyoisoma Ba Kunda: vingine vya namna hiyo. Sikuwa nimewahi kuona brokoli, lakini spinachi nilikuwa nimeiona sokoni Ndola, na ilikuwa majani. Ilikuwa majani ya kijani, basi. Kwetu hakuna anayeita sombe jina la kitabuni, wala hakuna anayeiepuka, kwa sababu kuiepuka miezi ile ni kuepuka kula. Halafu nikaiondoa sufuria motoni kwa mkono wangu wa kulia, nikaifunga kitenge, nikatoka nayo. Tantine alinifuata hadi uchochoroni akiuliza tutakula nini.

Daktari mgeni na Ba Kunda walikuwa bado mezani. Niliiweka sufuria katikati ya faili zao, nikaifunua, mvuke ukapanda. Daktari akavuta makaratasi yake nyuma. Nikachukua kadi yangu ya namba na kuweka kidole kwenye zile nzuri, za miezi ya samaki. Kisha nikakiburuta kidole hadi zile zilizoshuka. Nikalitafuta neno, likaja, na nyuma yake likaja lingine ambalo sikuwahi kulisema tangu siku ya beseni, na nyuma yake la tatu.

“Ziwa,” nilisema. “Bamefunga. Sombe.”

Daktari alinitazama, akatazama sufuria, akauliza kwa Kiingereza hii ni mboga gani na huliwa kiasi gani. Ba Kunda alikuwa amefumba macho, mkono umefunika mdomo, na mabega yakitikisika, na nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

“Mimi mwenyewe nimekula katapa asubuhi hii,” alisema. “Kila siku nakula. Nikatoka hapo nikaja hapa kuuliza mutu habari ya brokoli.”

Daktari yule kijana, namsifu, hakuona aibu kukosea. Alivuta kiti, akaomba kijiko, akaionja, akaniomba radhi mbele ya watu. Kisha wakaketi kuchagua upya. Kuniachisha dawa hakukutajwa tena. Kunikataza majani nako hakukuwezekana, kwa kuwa ningekula nini hadi Machi? Tena wangenikataza, ziwa likifunguliwa ningekuwa na dawa nyingi na majani hakuna, na damu ingekuwa nyepesi hadi kunitoka puani. Jibu lilikuwa kikombe. Ba Kunda alichukua kikombe cha bati cha kliniki, akasema hiki, kila siku, mvua na jua, ziwa wazi na ziwa limefungwa, kikombe kimoja cha sombe, kisizidi wala kisipungue, nasi tutapima dawa ifuate kikombe. Wakapima. Baada ya wiki mbili dereva wa basi alisimama mlangoni petu mwenyewe, hakungoja simu, akaleta karatasi kutoka Mansa juu ya kiganja kama mtu anayeleta yai. Mbili na nusu. Tantine aliimba hadi majirani wakaja kuuliza nani ameoa.

Machi ziwa lilifunguliwa nami nilikuwa ufukoni kabla ya jua. Yule mvuvi wa Puta alikuwepo, na beseni lake la samaki. Alinitambua, akasita, akataja bei. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu ya kutosha wakati ule, niliyafanyia mazoezi mwezi mzima mbele ya chisense. Lakini nilimtazama tu, nikanyamaza kwa makusudi. Akapunguza. Nikaendelea kunyamaza. Akapunguza tena, akitukana ukoo wangu. Ndipo nikafungua mdomo, na ulifunguka vizuri.

“Shusha tena,” nilisema.

Hayo yote niliyasema hemani, na mengine. Nilisema juu ya karatasi ya brokoli iliyobanduliwa, na ile iliyowekwa mahali pake, imeandikwa kwa mkono wa Ba Kunda kwa Kibemba na kwa Kiswahili chetu, katapa, kalembula, chibwabwa, yaani majani ya muhogo, ya viazi vitamu na ya maboga, na chini yake mchoro wa kikombe. Iko ukutani hadi leo, na wagonjwa wa moyo kutoka ng'ambo zote mbili za ziwa huja na vikombe vyao kuvilinganisha nao. Mshereheshaji alikuwa amesimama karibu yangu muda mrefu, akionyesha saa. Dakika tatu zilikuwa zimepita mara nyingi. Alinyoosha mkono achukue kipaza sauti, na hapo Ba Kunda akainuka kwenye kiti chake cha utepe, polepole, magoti yake nayo siku hizi yana maneno, akaja hadi niliposimama. Watu walidhani anataka kunikumbatia. Alinishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akaanza kuhesabu. Nikanyamaza. Ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayeweza kuninyamazisha, na hema zima likanyamaza nami, dakika kamili, nikasikia turubai likipigwa na upepo wa ziwani.

“Bado banagombana, bale banamuke,” alisema, na akauachia mkono wangu. “Ba Chalwe, endelea.”

Nikaendelea.